Gari la Kumrudisha Mama Kirewa

Kijiwe chetu kilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya mapipa mawili ya lami. Watengeneza barabara waliyaacha hapo wakaenda zao, na lami yenyewe hatukuiona. Kilitazamana na kizuizi cha mpakani, Busia, upande wa Uganda, na hapo ndipo tulipoegesha baiskeli zetu tukingoja abiria wa kubeba kwenye keria. Mwaka ulikuwa sitini na tano, mwezi wa tano, mvua inakuja na kwenda kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kahawa alipika Goretti kwenye birika jeusi. Kila aliyekaa pale alikuwa na jina la utani isipokuwa yeye, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpa. Mimi Emojong waliniita Pilipili, eti nina hasira. Sina hasira. Watu ndio wana ujinga.

Asubuhi hiyo Ochen hakukaa hata mara moja. Alisimama, akatazama barabara ya Tororo, akaenda kwenye baiskeli yake akapiga kengele, akarudi, akasimama tena. Ndiyo maana tulimwita Kengele, lakini siku nyingine alikuwa akimpigia abiria. Siku hiyo alikuwa akiipigia hewa.

— Kaa chini, bwana, unatuchosha macho, nikamwambia.

— Siwezi. Nikikaa naiona ile barabara ya Kirewa.

Habari yake sote tuliijua. Mama yake, Apendi, alikuwa amepasuliwa jicho katika hospitali ya Tororo. Jicho la kwanza lilikwisha kufa zamani, hili ndilo lililobaki. Kesho asubuhi angetoka, macho yote mawili yamefungwa bendeji, arudi kwake Kirewa. Dresa, yule mfunga vidonda wa hospitali, alimwambia Ochen mara mbili, kidole juu: kichwa cha mama kisitikiswe kwa wiki mbili. Kikitikiswa vibaya, jicho litaharibika, na hapo hakuna wa kulirudisha. Na barabara ya Kirewa, Mungu wangu, ilikuwa ya murram, udongo mwekundu wa changarawe, yenye mawimbi kama bati. Basi likipita pale hata kuku waliofungwa juu hunyamaza.

Kwa hiyo Ochen alitaka kukodi gari dogo. Yalikuwapo matatu ya kukodi: Foksiwageni ya Okanya karani wa pamba, Morisi ya mwalimu mkuu mmoja, na Anglia ya Ikwap, mwenye duka la vyuma vya baiskeli. Wote walitaka jibu kabla ya saa tano. Saa tano basi linarudi Tororo, na dada yake, Alaso, aliyekuwa akimuuguza mama, angekuja asubuhi hiyo kuchukua jibu na kurudi nalo. Tena Ochen angekodi mara moja tu. Akikosea gari, hakuna gari la pili, wala jicho la pili.

— Chukua Foksi, akasema Oguttu. Mimi nasema na nimemaliza.

Oguttu alikuwa Msamia wa Bulumbi. Tulimwita Injinia, kwa sababu aliwahi kuosha gari la bwana shamba kwa wiki tatu.

— Kwa nini Foksi? Ochen akauliza.

— Hiyo gari iko na injini nyuma. Mama nakaa nyuma. Injini ni kitu mzito, na kitu mzito hairuki. Mama naye hataruka.

— Na joto je?

— Joto ni dawa! Mgonjwa anataka joto. Wewe uliona mgonjwa gani anataka baridi?

Maloba akakohoa. Huyo alikuwa wa Busia ya Kenya, anavuka kila asubuhi na mkoba wake, anawajazia madereva wa malori karatasi za forodha. Tulimwita Fomu. Kiswahili chake kilikuwa cha kupigwa pasi, na alijua hivyo.

— Ndugu yangu Oguttu, uzito si hoja. Hoja ni springi. Morisi ya mwalimu mimi nimeipitishia karatasi kwa mikono hii.

— Karatasi ilikuambia nini kuhusu springi? nikamuuliza.

— Ilisema gari ni la kijivu, lina milango miwili, na nafasi ya watu wanne.

— Springi, Fomu! Tunauliza springi!

— Tulia, Pilipili. Gari limetengenezewa watu wanne. Ukimweka mama na dereva, springi zinabaki na nafasi ya watu wawili. Hiyo nafasi ndiyo raha yenyewe.

Goretti akacheka mpaka akaweka birika chini.

— Kwa hiyo lisipopakia mtu kabisa, hakuna gari lenye raha kulishinda?

— Kinadharia, ndiyo, akasema Fomu, wala hakuona aibu.

Nikaona hawa watu watamponza mwenzetu. Niseme ukweli: magari madogo sisi tuliyajua kuliko wenyewe, kwa sababu tuliyasukuma. Mvua ikinyesha, pale kwenye kinamasi baada ya mji, hakuna gari linalopita bila mikono yetu. Ukilisukuma gari unaijua tabia yake. Foksi ya Okanya unaishika matakoni, haikusikii, mpaka muwe wanne. Morisi inatoka kwa heshima, polepole, kama mtu anayeaga wakwe. Lakini Anglia ya Ikwap ukiisukuma mara moja tu imetoka, na wewe umebaki na uso kwenye tope.

— Chukua Anglia, nikasema. Ni nyepesi. Gari nyepesi haipigi barabara kwa nguvu. Isipoipiga, barabara nayo haina sababu ya kuipiga.

— Aka! Injinia akaruka. Gari nyepesi ndio inacheza! Kona ya pale darajani itaitupa kwa mto!

— Kona? Foksi ndiyo unaniambia kona? Foksi ya Okanya ikifika kwenye kona, matako yanataka kutangulia kichwa! Nimeiona kwa macho yangu mwezi wa nne, imegeuka ikatazama ilikotoka!

— Hiyo ilikuwa tope.

— Na kesho kutakuwa na nini, zulia?

— Morisi, akasema Fomu taratibu, kwenye kona inageuka kwa kidole kimoja. Nimemwona mwalimu. Kidole kimoja, mkono mwingine umeshika sigara.

— Sasa mama yangu arudishwe nyumbani na kidole kimoja? Ochen akauliza. Sauti yake haikuwa ya utani.

Goretti akamjazia kikombe, hakukinywa. Akakishika tu.

— Na bei? Goretti akauliza. Maana mnamchagulia kama mtoto wa tajiri.

Okanya alitaka shilingi thelathini na petroli juu. Mwalimu arobaini, petroli ndani, na hashushi hata senti. Ikwap ishirini na tano tu, ila angepakia humohumo magunia yake ya chumvi na mama mkwe wake.

— Basi Anglia imekufa, akasema Injinia. Mama mkwe wa Ikwap mimi namjua. Huyo peke yake ni watu watatu.

— Lakini uzito wake utaituliza gari! nikasema. Si wewe uliyesema kitu kizito hakiruki?

— Nilisema injini! Sikusema mama mkwe!

Hapo, lazima nikiri, tulianza kwenda mbali. Lakini Ochen alikuwa akizunguka na kikombe chake, kila mara anatazama jua, na kila mmoja wetu alitaka awe ndiye aliyemsaidia. Fomu akashauri tairi zijazwe maji badala ya upepo, kwa kuwa maji yana upole. Mimi nikasema kinyume chake, dereva akanyage mafuta mpaka mwisho: malori hufanya hivyo, gari likienda kasi sana linagusa migongo ya mawimbi tu, halishuki kwenye mabonde yake. Hilo ni kweli, kila dereva wa lori anajua. Ila Goretti aliniuliza malori hayo hubeba nini, nikasema mahindi, akasema mahindi hayana bendeji.

Injinia akanyanyuka. Macho yalimng'aa.

— Nimepata! Foksi iende kinyumenyume!

— Nini?

— Kinyumenyume mpaka Kirewa! Sikia basi. Injini iko nyuma, sivyo? Tukienda nyuma, injini ndio inatangulia. Inapiga mashimo yote, inalaza barabara. Halafu mama nakuja, barabara imeshanyamaza!

— Mama yuko juu ya injini hiyohiyo, mjinga wewe!

— Basi tunamkalisha mbele!

Ajabu ni kwamba Ochen aliitafakari. Nilimwona. Mtu ambaye kila siku ndiye mwenye akili kutuzidi alisimama pale akihesabu maili za kwenda kinyumenyume. Hapo nikajua ameshachoka.

Tukiwa hivyo, Foksi yenyewe ikatokea, Okanya ndani, akaja kusimama nyuma ya lori kwenye kizuizi. Injinia hakungoja. Akampokonya Ochen kikombe, akamwambia Goretti akijaze mpaka ukingoni.

— Tunapima! Kahawa ikimwagika, gari ni mbaya. Isipomwagika, tunalipa leo hii.

Lori likaondoka, Okanya akaanza kutambaa. Injinia akapitisha mkono dirishani na kikombe chake, akatembea sambamba na gari, kisha akakimbia. Okanya anapiga kelele, sisi tunapiga kelele. Hatua ya kumi kahawa yote ilikuwa kwenye shati la karani wa pamba, shati jeupe, siku ya kukaguliwa na wakubwa wake.

— Mwendawazimu! Nyinyi wote ni wendawazimu!

— Bwana Okanya, samahani sana, Ochen akamkimbilia. Kosa ni langu. Ni kwa ajili ya mama.

Okanya akapoa kidogo. Alimjua mama huyo. Kila mtu alikuwa amenunua karanga zake enzi alipokuwa akiona. Ochen akashika mlango wa gari.

— Niambie tu jambo moja, mkubwa. Kiti cha nyuma kikoje? Kinatikisa?

Okanya akageuka akakitazama kiti chake cha nyuma, kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya nyumbani kwake.

— Sijui, akasema. Mimi hukaa mbele.

Akaondoka na shati lake.

Tukarudi kijiweni. Injinia akadai kwamba kilichotikisika ni mkono, si gari, kwa hiyo Foksi imeshinda. Mimi nikamwambia ataona. Fomu akamuuliza Goretti kama kahawa iliyomwagika italipiwa na nani. Hakuna aliyegusa lile neno la Okanya, kwa sababu wote tulilisikia vizuri sana. Hakuna kati yetu aliyewahi kukaa ndani ya hata moja ya gari hizo. Tulizijua kwa nyuma tu, kwa mikono.

Basi la Tororo likafika. Alaso akashuka, kitambaa kichwani, kikapu mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mkubwa kwa Ochen, mwanamke wa maneno machache, na alikuja moja kwa moja kwenye ubao wetu.

— Habari zenu, wakubwa.

— Nzuri, dada. Karibu, kaa. Pole na mgonjwa.

Goretti akampa kahawa ya mwisho iliyokuwa kwenye birika. Alaso akainywa akiwa amesimama. Ochen hakuweza kungoja.

— Dada, bado sijaamua. Nipe mpaka basi liondoke. Morisi naona ni laini, lakini bei. Foksi...

— Mama amesema nisikuulize habari ya gari.

— Usiulize?

— Amenipa maswali yake. Ameniambia niyaulize yalivyo, nisiongeze. La kwanza: kwa siku unabeba watu wangapi kwa baiskeli?

Ochen akashangaa. Kumi, akasema. Siku ya soko kumi na watano, hata ishirini.

— Mama wajawazito?

— Wamo. Hao naenda nao polepole. Nashuka, nasukuma.

— Umewahi kumwangusha mmoja?

— Mimi? Hata mmoja! Waulize hawa!

Tukaitikia wote, kwa sauti kubwa, kwa sababu ilikuwa kweli. Hata mimi ambaye simsifu mtu nilisema hajamwangusha hata kuku wa mtu.

Alaso akarudisha kikombe kwa Goretti.

— Basi mama anauliza: mama za watu unawabeba kila siku, yeye kwa nini unamtafutia gari?

Nilingoja Ochen ajibu. Akainama akafuta tope kwenye keria yake. Nikamtazama Injinia, akatazama mapipa. Fomu akafungua mkoba wake akaufunga. Mimi ambaye nina jibu la kila kitu niliona haya. Maana pale kijiweni tulikuwa na sheria yetu: ndugu hapandi keria. Ndugu halipi, na akipanda leo, kesho ukoo mzima umejipanga barabarani. Ilikuwa sheria ya kuchekesha. Mama yangu mimi alikuwa akitembea maili sita kila Jumapili kwenda kanisani, na baiskeli yangu imelala ukutani.

— Nilitaka watu wa Kirewa waone, Ochen akasema mwishowe. Waone anarudi na gari. Wanajua mtoto wake anabeba watu kama mizigo. Nilitaka siku moja tu waone kitu kingine.

— Mama haoni, akasema Alaso. Hata angepanda gari la gavana, asingejua rangi yake. Anachotaka ni kukusikia. Amesema ndani ya gari kila mtu husema na dereva.

— Na dresa?

— Dresa nimemuuliza. Amesema asitikiswe tu. Hakusema apande nini.

Injinia akakohoa, kisha akasema kitu cha kwanza cha maana tangu nimjue.

— Kile kijia cha miguu, kando ya barabara. Hiyo haina mawimbi. Ni laini kama sakafu. Gari haiwezi kupita huko.

— Ukitoa upepo kidogo tairi ya nyuma, nikasema, haitadunda kabisa.

— Nami nitakuja, akasema Fomu. Nitatangulia kuondoa mawe. Karatasi zitangoja.

Ghafla kila mtu alikuwa na kazi. Goretti akatoa gunia lake la mkaa, akalikung'uta, akalikunja mara nne liwe mto. Mimi nikapiga magoti nikafungua valvu ya tairi ya Ochen, nikasikiliza upepo ukitoka, nikaifunga. Kamba tulikuwa nazo. Alaso alisimama akitutazama, na kondakta wa basi alikuwa ameanza kuita Tororo, Tororo.

Ochen akalishika gunia juu ya keria. Ujue, mwanamke hukaa upande, miguu pamoja, na kila mmoja ana upande wake. Wengine kushoto, wengine kulia. Ukimkalisha upande asiouzoea anaogopa, anakaza mwili, baiskeli inayumba. Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Ochen alizijua pande za wanawake wote wa soko la Busia. Ukimtajia jina tu anakwambia: Taaka, kushoto. Wilkister, kulia, na usimharakishe.

— Dada, akauliza, kamba mdomoni. Mama hukaa upande gani?

Alaso alikuwa ameshageuka kuelekea basi. Akasimama.

— Nitajuaje, Ochen? Hajawahi kubebwa.

Basi likaondoka naye. Ochen akalifunga gunia upande wa kushoto. Akalifungua, akalifunga upande wa kulia. Akalifungua tena.